Wambui Alivuta Breki, Mimi Nikabeba Jiwe

Kama nawe ulikuwa mtoto Ruiru miaka ile ya hamsini, unaijua harufu ya maganda ya kahawa yakioza kando ya mto. Tulisukuma ringi za baiskeli, tukala viazi vitamu vilivyochomwa majivuni, lakini lori likisikika tuliacha vyote tukakimbia. Baba yetu alikuwa dereva wa lori la shamba. Jumamosi alitubeba mbele, mimi na dada yangu Wambui, kupeleka magunia Thika.

Sasa nikwambie ukweli, nilimwonea Wambui wivu mpaka nikashindwa kula. Yeye alipewa kazi ya kuvuta breki ya mkono. Mimi nilipewa jiwe. Lori likisimama, baba anasema, "Wambui, vuta!" Wambui anavuta kwa mikono miwili, krrr, akijishaua kama mke wa DC. Mimi naruka chini, naweka jiwe nyuma ya gurudumu, vumbi lote usoni. Nani amewahi kusifiwa kwa kubeba jiwe?

Na baba hakuwa na mchezo na breki hiyo. Hata mahali tambarare, vuta. Ukibadilisha gurudumu, vuta. Watu wakipakia magunia, vuta. "Breki ya mguu inashika ukiikanyaga," alituambia. "Ukishuka, mguu unashuka nao." Gia ya lori lile kuukuu ilikuwa na tabia ya kuruka yenyewe, kwa hivyo hakuiamini. Jiwe lilikuwa la kusaidia tu.

Jumamosi moja tulisimama mlimani, lori likitazama juu, karibu na wanawake waliokuwa wakichuma kahawa. Wambui akavuta, nikaweka jiwe, baba akaenda kumwona karani. Wambui alipokwenda kunywa maji, nikapanda. Nilitaka kuvuta mara moja tu, aki! Lakini ilikuwa imeshavutwa, kwa hivyo nikaiachilia kwanza. Nikavuta. Wapi! Haikushika. Nikavuta tena, ikarudi chini. Nikaingiwa na woga, nikashuka, nikanyamaza. Lori halikutikisika, nikasema basi, nimepona.

Kumbe mama mmoja alikuwa akiwapikia wachumaji uji, na jiko lake lilikuwa na mawe mawili. Akatafuta la tatu huku na huku, akaliona langu. Akalichomoa akaenda nalo.

Gia ikaruka. Lori likaanza kurudi nyuma, na huko nyuma kulikuwa na mtoto mchanga amelazwa juu ya gunia. Wanawake wakapiga mayowe. Mimi nilisimama pale mdomo wazi. Wambui ndiye aliyekimbia, akadandia lori likienda, akaning'inia kwenye breki kwa uzito wake wote. Lilisimama hatua mbili kutoka kwa yule mtoto.

Baba akaja akihema. "Nani hakuvuta?"

Wambui akanitazama. "Ni mimi, baba. Sikuvuta vizuri."

Baba hakumchapa. Alisema tu kwamba kuanzia leo breki ni ya mdogo wake. Nami, bila haya, nikaipokea. Njia yote ya Thika baba alinifundisha kuminya kishikio na kuvuta, na Wambui akabeba jiwe bila kununa. Ningefurahi kama angenuna.

Siku hizi wajukuu wanabonyeza kitufe, breki ikashika. Wengine hata hicho hawakibonyezi. Nenda Kamakis kwenye nyama choma Jumapili uone magari yameachwa mteremkoni, dereva yuko kwa nyama na simu mkononi. Nikiwaambia wananijibu mimi bibi yao, "Poa, cucu, gari inajishika." Nawaonea wivu hao pia. Mgongo wao haujui jiwe.

Mwezi uliopita nilimtembelea Wambui kwake Witeithie. Tumezeeka sote. Nikaona nisizikwe na siri hii, nikamweleza yote, machozi yakinitoka. Akacheka hadi chai ikamwagika.

"Haiya! Ulidhani sikukuona ukishuka? Ningekutaja, baba angekuchapa vibaya. Mimi hakuwahi kunichapa."

Nikaweka kikombe chini. Hakuwahi? Hata mara moja? Mimi nilichapwa kwa kuchelewa, kwa kumwaga maziwa, kwa kucheka kanisani. Na nyumba ile ile ilikuwa na mtoto ambaye hakuguswa!

Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha. Nikaondoka nimenuna.