Fundi Cheko, Mtumishi wa Wanaosikia Sauti

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, binti kifungua mimba wa mshonaji, na kwa kuwa alicheka kabla ya kuota jino, nyumbani walimwita Cheko. Akiwa na miaka tisa alikwisha kuijua cherehani. Alipofika ishirini na miwili, sauti zilimwingia kichwani, zikamtukana mchana kutwa. Aliacha kushona, akaacha kuoga. Daktari aliutaja ugonjwa huo kuwa skizofrenia. Shangazi yake akashauri afungiwe ndani. Mdogo wake wa kike alikataa katakata. Kila asubuhi alimletea chai na dawa, akakaa naye mpaka kikombe kiishe.

Jaribu kubwa lilimfika alipopata nafuu. Habari zilienea kwamba binti yule husikia sauti za mbinguni, watu wakajaa barazani wakitaka kutabiriwa. Hata katekista alimsihi akubali. Cheko akamjibu, "Mwalimu, hizo sauti zinanitukana, na Mungu hatukani. Mimi Mungu nilimsikia kwa mdogo wangu." Wengine waliondoka wamenuna, yeye akarudi kushona kwa amani.

Akiwa na miaka thelathini na minne alifungua karakana ya wenye maradhi kama yake. Saa nne walikunywa dawa pamoja, kwa chai na utani. Humo aliletwa mwashi aliyekuwa hajasema neno kwa miaka sita. Cheko alimpa vifungo vya kanzu za kwaya avishone. Siku moja Cheko alipitiwa, akashona mkono wa ziada shingoni. Mwashi akaigeuza kanzu, akauliza taratibu, "Fundi, huyu mwanakwaya ana mikono mitatu?" Chumba kizima kiliangua kicheko. Mama yake mwashi, aliyekuwa amemletea mwanawe chakula, aliketi juu ya robota la vitambaa akalia kwa furaha. Daktari alisema kilichomponya ni dawa na subira. Mama husema ni Cheko. Sisi hatuoni ugomvi kati yao. Mwashi alirudi kujenga, akaoa.

Cheko alifariki mkesha wa Pentekoste, akiwa na miaka sitini na minane, wanakarakana wakiimba kandokando ya kitanda. Alimwambia mdogo wake, "Leo sauti zimenyamaza. Au ninyi mmezishinda kwa kelele?" Akatabasamu, akalala.

Nasi wenye ndugu wanaougua hivyo tusiwafiche vyumbani. Tuwape dawa, kazi na nafasi mezani, tena tutaniane nao, maana mtu hataishi kwa vidonge tu.