Maji Moto ya Bi Uberlinda

Siku ya kwanza kumwona Bi Uberlinda Chiguay, alikuwa juu ya mashua yake kwenye gati la Melinka, kijiji cha wavuvi kisiwani, anamsugua mzamiaji kichwa kwa taulo kama anayekausha sufuria. Mzamiaji mwenyewe alikuwa na ndevu. Alitulia tu, macho kafumba, mvua inawanyeshea wote wawili. Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye feri na sanduku langu la spana. Akaniuliza kama mimi ni fundi au muuza Biblia. Nikamjibu fundi.

"Basi panda," akasema. "Wauza Biblia nimewapandisha watatu, na hakuna aliyeijua injini."

Mashua ilikuwa ya matanga, kuukuu, na matanga yenyewe yalikuwa yameoza zamani. Mumewe, Arsenio, ndiye aliyeinunua. Alikuwa mzamiaji, na asubuhi moja alizama asirudi. Bi Uberlinda akabaki humo. Chumba cha mbele akakigeuza bafu la wazamiaji. Maji ya injini yalipita kwenye mpira hadi ndani ya tangi, yakapasha maji ya kuogea, yakarudi. Ukiwasha injini nusu saa, watu sita wanaoga. Walimlipa kwa samaki, kuni na dizeli. Dada yake wa Quellón alimwita kila mwaka akaishi naye, naye alimjibu kwamba asubuhi anaamka kwa sababu kuna watu wamepanga foleni.

Niliishi Melinka miaka mitano, nikimtengenezea hiki na kile. Mwaka wa tano, wiki moja kabla ya msimu wa konokono wa bahari, maji yaligoma kupata moto. Nolberto Millalonco, mmoja wa wazamiaji, alitoka bafuni anatetemeka.

"Shangazi, hili ni bafu au adhabu?"

"Adhabu ni kukuona ukitoka humo, Nolberto. Nami nimeivumilia miaka."

Watu wakacheka, Bi Uberlinda hakucheka. Wanunuzi wa konokono walikuwa wameweka bafu la gesi kwenye ghuba ya pili. Wazamiaji wakizoea kwenda huko, hakuna ambaye angerudi kwake. Ingembidi aende kukaa kwenye kiti jikoni kwa dada yake, akiulizwa kila saa kama ameshakula.

Nikashika mipira. Wa kwenda ulikuwa unaunguza, wa kurudi baridi. Hewa, nikasema. Nikaitoa, maji yakapata moto. Kesho yake baridi tena. Nikabadili themostati, kile kidhibiti joto cha injini. Baridi. Nikafungua tangi zima nikalisafisha, nikakaza kila kibano, mikono imechubuka, mgongo haunyooki. Yakapata moto jioni ile, asubuhi baridi. Bi Uberlinda alinishikia tochi siku zote tatu bila kuniuliza litaisha lini. Ningefurahi kama angeniuliza, au hata kunifokea.

Siku ya tatu mchana akanipakulia supu ya kuku na viazi. Nilikuwa nimechoka hata kuinua kijiko, nikabaki nalitazama bakuli. Mchuzi ulikuwa umepanda ukingo mmoja, ule wa kulia. Bahari ilikuwa shwari. Nikamuuliza kama kuna kitu kizito kimetolewa humo ndani siku za karibuni.

Alimenya kiazi chake mpaka kikaisha ndipo akanijibu. Ni mikanda ya Arsenio, ile ya kuzamia, yenye vipande vya risasi vya kumvuta mtu chini. Sita, pamoja na vipande vya akiba. Ilikaa chini ya kitanda cha kushoto, pembeni ya tangi. Alikuwa amempa Nolberto, ambaye yake ilikuwa imepotea.

"Miaka kumi na moja nafagia kuizunguka," akasema. "Nilichoka."

Basi mashua ilikuwa imelalia kulia, kushoto kukainuka, na tangi likawa juu kuliko mdomo wa injini, pale pa kujazia maji. Hewa ilipanda ikakaa pale. Nikamweleza, na kwamba Nolberto akirudisha mikanda, kazi imekwisha.

"Ukienda kumwomba," akasema, "usikanyage tena humu."

Kesho yake tulibeba mawe ya ufukweni, viroba vinne. Nilitaka kubeba peke yangu, akakataa. Alipumzika kila hatua chache, mkono kiunoni. Tukayapanga chini ya kitanda cha kushoto mpaka mashua ikakaa sawa. Nikatoa hewa, nikawasha injini, nikakamata mpira wa kurudi. Polepole ukaanza kupata joto mkononi.

Wazamiaji walikuwa wameshapanga foleni, Nolberto mbele, taulo begani. Bi Uberlinda akatundika koti lake, akaingia bafuni, akafunga mlango. Siku zote nilizomjua alioga kwa beseni, usiku, watu wakishaondoka. Alikaa humo muda mrefu. Nolberto aligonga mara mbili, hakujibiwa.

Mchana ule nilipanda boti kwenda kazini kisiwa kingine, na kazi ikavuta miaka. Niliambiwa alimaliza msimu ule na mingine miwili, foleni haikupungua, halafu akaugua akazikwa Quellón. Sikumwona tena baada ya siku ya mawe.

Siku ile alitoka bafuni maji ya tangi yalipokwisha, uso mwekundu, nywele zinachuruzika, akaketi kwenye ngazi kando yangu.

"Waambie maji yamekwisha, fundi," akasema. "Wangoje."