Limelala, Alisema Baba Mdogo

Harufu ya hamira mpaka leo inanitia baridi mgongoni. Asubuhi ile, nyumbani kwetu Temeke, mama alikuwa amefunika unga wa maandazi, nami nikaamka nikakuta jino langu limedondoka juu ya mto, bila maumivu. Jicho la kushoto halikufunguka. Nikajishika shavu: gumu kama kifuu. Nilijua nakufa. Mtoto anajua.

Uvimbe ulikuwa umeanza tayani, donge dogo kama punje ya choroko. Baba alishafariki, kwa hiyo mwamuzi wetu alikuwa baba mdogo Rashidi, mwenye duka la dawa Tegeta. Namtaja, sioni haya. Alinipa vidonge, uvimbe ukatulia kidogo, akajisifu. Mama alipoomba kunipeleka hospitali, akamwambia, "Shemeji, limelala hilo. Ukiliamsha, litakasirika." Mie nikawa naogopa hata kutafuna. Wenzangu wakaniita Shavu la Andazi, nikacheka kwa upande mmoja.

Basi asubuhi hiyo mama akafunua beseni. Unga haukuwa umetoa sauti wala kutikisika, lakini ulishafurika ukingoni. Akautazama, akanitazama. "Na huu nao ulikuwa umelala?" Akanifunga mgongoni kwa khanga, hakumuaga mtu.

Wodini daktari alimweleza mama, nami nasikiliza, kwamba chembe za mwili hujigawa mbili, lakini muda wake mwingi ziko katika hatua ya kabla ya kujigawa, inaitwa interfezi. Ukizitazama utadhani zimepumzika. Kumbe ndani zinakua, zinanakili nyuzi zake za urithi, zinakagua nakala kama ni sawa. Zangu ziliacha kukagua, zikajigawa ovyo: saratani. "Halikulala, mama," alisema. "Lilikuwa linajiandaa." Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Dawa zilinitapisha, zikaniondoa nywele, zikaniacha hai. Jicho halikurudi, na shule iliishia hapo.

Leo Tegeta imejaa maghorofa, na binti yangu anaisoma interfezi darasani bila kutetemeka. Baba mdogo bado yuko dukani, kichwa mvi tupu, anapewa shikamoo kutwa nzima. Juzi nilipita dukani kwake, nikamsikia akimwambia mama mwenye mtoto aliyevimba shingo: limelala hilo. Nikamshika yule mama mkono, nikampeleka hospitali mwenyewe. Ila mie siwezi kuketi mlangoni pako kila siku, baba mdogo. Shikamoo. Nijibu mbele ya watu: nani alikwambia limelala? Na wale watoto ambao mama zao walikusikiliza, wako wapi?