Friji Lililomkatalia Tajiri

Watu wa mjini wakija huku wananiuliza kama gari la mizigo la umeme, la bei nafuu, lililoundwa na kampuni changa ya vijana wa Dar, linaweza kuwashinda Wajapani na Wachina. Wananiuliza mimi kwa sababu niliwahi kuliendesha hapa machimboni Mwakitolyo. Nawajibu hivi: Mjapani hakuligusa. Mchina hata habari zake hakuwa nazo. Aliyeliua gari lile ni kiroba cha mawe kilichoshonewa kofia, na walioshona kofia nawajua wote. Majina nawaachia, wana wake na watoto. Kazi zao nitazitaja. Mwakitolyo si Dar. Ukitaja kazi ya mtu, watoto wake wanageuka kukutazama.

Anza na tajiri, mwenye duara. Duara ni shimo la dhahabu, na tajiri ni yule ambaye haingii humo. Mawe yakitoka shimoni yanapakiwa kwenye viroba, yanapelekwa karasha kusagwa. Karasha inatoza kwa kiroba. Gari linatoza kwa kiroba. Basi tajiri akafanya walichokuwa wakifanya wanunuzi wa mpunga kule Kagongwa tangu mimi mtoto: kiroba kinajazwa mpaka mdomo, halafu kinaongezewa kipande cha kiroba kingine juu, kinashonwa kama kofia, kinajazwa tena. Lumbesa. Kwenye karatasi ni kiroba kimoja. Mgongoni ni ng'ombe.

Nilikuwa dereva wa kenta yake. Kenta ile ilitoka Japani imeshachoka, ikaja kwetu kuanza kazi. Siku moja baada ya mvua nikamwambia tajiri, "Bosi, leo imezidi. Kule kwenye mteremko breki hazitashika."

Akaniuliza mbele ya wapakiaji, "Wewe ni dereva au mzani?"

Wapakiaji wakacheka. Nikaenda. Kwenye mteremko breki zikafanya kama nilivyosema, kenta ikalala ubavu, viroba vikaja mbele kunisalimia. Mguu wangu wa kushoto ulibaki kati ya kiti na mlango mpaka walipokuja na mitaimbo. Nilipona. Mguu nao ulipona, lakini kwa namna yake: unasimama, unatembea kwa kubembelezwa, ila ukiuambia ukanyage klachi unakuangalia tu. Tajiri alikuja hospitali na soda mbili, moja akanywa mwenyewe. Akasema, "Kazi ya Mungu." Nikamwambia Mungu hakuwepo kwenye kupakia.

Dereva asiyeweza klachi huku kwetu ni kama mganga aliyesahau dawa. Miaka kadhaa nikalinda karasha ya watu, nakula vumbi na kusikiliza magari ya wenzangu yakipita. Shule nilikomea darasa la nne, kilimo sina shamba, kazi niliyoijua ilikuwa moja. Mke wangu alikuwa akiuza maandazi, na mimi nilikuwa mume wa muuza maandazi. Sikupenda cheo hicho.

Ndipo likaja gari la umeme. Jeupe, la mraba, halina redio, vioo vya kuzungusha kwa mkono, kiti kama benchi la shule. Linachomekwa ukutani. Siku hiyo hiyo watu wa kijiwe cha kahawa wakalibatiza Friji.

"Hili litabeba mawe au litapoza soda?"

"Na umeme ukikatika litabeba nini?"

"Litabebwa."

Vijana waliolileta walikuwa na fulana zinazofanana na viatu visivyojua tope. Walisema gari lao ni rahisi kwa sababu wameondoa kila kitu kisicho na kazi. Walimpa tajiri kwa majaribio, naye akawapa sura yake wapige picha za matangazo, amekunja mikono, anatabasamu kama mtu aliyewahi kubeba kitu. Wakasema linabeba kiasi fulani, lisizidishwe. Tajiri akaitikia kwa kichwa. Nakijua kichwa kile, huwa kinaitikia peke yake.

Madereva wote wakalikataa. Mmoja alisema wazi, "Gari lisilo na dizeli nitanyonya nini? Watoto wangu wanasoma kwa dumu." Basi tajiri akanikumbuka. Akaja karasha, hakuzima hata pikipiki.

"Wewe una mguu mmoja. Hili gari ni la mguu mmoja. Mmekutana."

Ni kweli. Halina klachi. Pedali mbili tu, kwenda na kusimama. Asubuhi ya kwanza nililileta mpaka nyumbani, mke wangu akasimama mlangoni na beseni la unga, anasubiri mngurumo.

"Hujaliwasha?"

"Mayu," nikamwita kwa Kisukuma, yaani mama, "nimeshaondoka."

Akaangalia magurudumu yanazunguka kimya, akajifunika mdomo na kanga. Sitasema nililia. Nasema vioo vile vya kuzungusha kwa mkono niliviona na ukungu.

Mara ya kwanza tulipopakia, wapakiaji wakapanga viroba vyenye kofia kama kawaida. Nikakanyaga. Taa nyekundu ikawaka, kitu kikaanza kulia *pii, pii, pii*, na gari likabaki palepale.

"Kanyaga," tajiri akasema.

"Nimekanyaga, bosi."

"Sasa linasemaje?"

Mpakiaji mmoja, Msukuma mwenye sauti kubwa, akajibu kutoka juu ya viroba, "Bosi, linasema yaya!"

Yaya kwetu ni hapana. Watu walicheka mpaka wa karasha wakatoka kuangalia. Tajiri alilitazama gari lile kama alivyonitazama mimi siku ile ya mvua, ila halikuwa na mguu wa kuvunja. Wakashusha kiroba, bado linalia. Wakashusha kingine, na kingine, mpaka likanyamaza. Tukaondoka. Kwenye mteremko nikashuka taratibu kama bibi harusi. Katika maisha yangu sijawahi kuona kitu chochote, mtu au mashine, kikimwambia tajiri yule hapana na yeye akatii.

Kwa muda tukaenda hivyo. Tulipiga safari mbili pale ambapo kenta ingepiga moja, na bado tajiri alikuwa anakohoa pesa kidogo kwa umeme kuliko alivyokuwa analia kwa dizeli. Mtu mwenye akili angeshukuru. Lakini shida ya tajiri haikuwa hasara. Wapakiaji walikuwa wameshapata mchezo: akiongeza kiroba, wote wanaimba "yaya, yaya". Hilo halikumpa usingizi.

Akamleta fundi. Huyu ni wa pili kwenye orodha yangu. Ni fundi wa jenereta, simu, redio na pampu. Anatengeneza kila kitu isipokuwa kile ulichompelekea. Alilala chini ya gari, akakuta karibu na springi kuna mkono mdogo wa chuma, kama mpini wa kijiko, unaopanda na kushuka mzigo ukikaa. Akaomba mpira wa baiskeli. Akaufunga mkono ule juu, akaukaza.

"Sasa linaamini halina kitu," akasema, anajipangusa mikono kama daktari.

Nikamwambia tajiri, "Huo mkono ndio unaojua uzito."

"Wewe ni dereva au mzani?"

Maneno yaleyale, mbele ya watu walewale. Nikamjibu, "Mzani mmeshaufunga, bosi. Mimi nimebaki dereva."

Wakapakia. Kofia juu ya kofia. Friji likakaa chini nyuma kama mbwa anayepigwa, lakini kimya, taa ya kijani. Mbele yangu ulikuwa mteremko uleule. Nikafikiria karasha, vumbi, mume wa muuza maandazi. Nikafikiria pia mitaimbo. Kisha nikafungua mlango, nikautoa mguu wa kushoto kwa mikono miwili kama mtu anayemshusha mgonjwa, nikashuka. Ufunguo nikaupachika juu ya kiroba.

"Utarudi unaomba," tajiri akasema.

"Nitarudi natembea," nikasema.

Wakampa dereva mwingine, kijogoo mmoja kutoka Geita aliyedai kule aliendesha magari makubwa kuliko nyumba. Huyo ni wa tatu. Friji lilishuka mteremko vizuri, breki zilishika, maana lilikuwa jipya. Chini kwenye kalavati ekseli ikakatika kama muhogo. Kijogoo akaruka na chapati yake mkononi. Hakufa mtu, kwa hiyo hakujifunza mtu.

Kijiwe kikatoa hukumu kabla kahawa haijapoa: umeme hauwezi mawe. Mzungu, Mchina, yeyote alete, umeme ni wa kupigia pasi. Tajiri akanunua kenta nyingine iliyochoka, na akatembea akisimulia jinsi alivyotapeliwa.

Vijana wa fulana walikuja. Nikajikokota mpaka pale kwenye kalavati, nikainama chini ya gari, nikaufungua ule mpira, nikawapa mkononi. Nilidhani wataruka. Mmoja akaugeuzageuza, akasema kwa upole, "Shikamoo mzee. Tulikuwa tunajua."

"Marahaba. Mlikuwa mnajua nini?"

"Gari linatutumia taarifa kwenye simu. Kila siku lilikuwa linalalamika limezidishiwa. Halafu siku moja likaanza kusema halibebi kitu, na huku linakula umeme kama limebeba mlima."

Gashinaga! Kumbe lile gari lilikuwa linapiga yowe mpaka Dar es Salaam, na huko wanalisikiliza.

"Mbona hamkusema?"

Akatazama viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa vimejua tope. "Mzee, tajiri ndiye alikuwa kwenye matangazo."

Hao ni wa nne, na ndio nilioumia nao zaidi, kwa sababu gari lao lilikuwa zuri. Lilikuwa dogo, rahisi, linasema kweli. Wao wenyewe ndio hawakuwa na ule mkono wa chuma. Wakanipa fulana.

Walibadilisha ekseli, wakaniomba nilifikishe Isaka lipakiwe kurudi Dar, maana hapakuwa na mwingine aliyekubali kuonekana nalo. Niliendesha kutwa nzima, polepole, mikono juu ya usukani kama mtu anayeshika mtoto wa watu. Kagongwa nikalichaji kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwenye mashine analalamika, "Friji lako hili linakula kuliko mimi." Nilijua ni mara ya mwisho. Magari ya mizigo huku kwetu ni mengi, na yote yana klachi.

Isaka wakalipandisha juu ya lori kubwa la dizeli, mimi nikiwa ndani nalielekeza. Nikalisimamisha, nikavuta breki ya mkono. Kabla sijashuka nikasikia *pu*, nyuma. Kisha *pu* nyingine. Nikachungulia. Wapakiaji walikuwa wanarusha magunia ya mchele kwenye bodi la Friji, magunia yenye kofia.

"Mnafanya nini?"

"Mzee, nafasi inaenda bure hii," dereva wa lori akanijibu kutoka chini, anachokonoa meno. "Mpaka Dar liende tupu?"

Taa nyekundu ikawaka. *Pii, pii, pii.* Wapakiaji wakasimama, wakatazamana, wakacheka, wakaendelea.

"Mzee, zima hilo dude, litatupigia kelele njia nzima!"

Nikazungusha kioo mpaka juu, nikaushusha mguu wangu. Nikafunga mlango kwa ufunguo, ufunguo nikautia mfukoni; swichi ya kulizima iko ndani. Vijana wana mwingine wa akiba. Lori likaondoka kuelekea Dar linatoa moshi, na Friji juu yake linalia.

Sikulizima.