Kibanio cha Kidole

Nasema mapema: mimi si mtu wa kulia mbele za watu, na anayetaka kunipa pole abaki nayo kwake. Nimebeba mizigo ya wageni mlimani miaka mingi, kutoka Nyakalengija, chini kabisa, mpaka kwenye barafu. Safari ile nilimwombea mdogo wangu nafasi ya upagazi. Nilimbembeleza kiongozi wetu wiki nzima ndipo akakubali.

Kila jioni, kabla ya chakula, kiongozi aliwapima wageni kwa kibanio kidogo cha plastiki. Unatia kidole, ndani inawaka taa nyekundu. Alitueleza kwamba pamoja na hiyo nyekundu kuna mwanga mwingine, infraredi, ambao macho hayauoni. Yote miwili inapenya kidole mpaka upande wa pili, na damu yenye hewa ya kutosha haiimezi sawa na damu iliyopungukiwa. Hapo mashine inapata namba yake, asilimia ya hewa iliyomo kwenye damu, na ikishuka sana ni hatari. Wageni walipimwa. Sisi wapagazi, nani atupime? Eti mlima unatujua.

Kambi ya tatu mdogo wangu akaanza kukohoa. Kichwa kilimuuma, akakataa ugali, yeye ambaye kwetu Bwera tulimwita Sufuria. Nikachukua kibanio mezani, nikambana kidole. Sitini na tatu. Mgeni wetu mmoja, mzee mwenye magoti mabovu, alikuwa amepata themanini na tano.

"Kaka, hii namba iko mubaya?"

"Wewe nawe! Mikono yako iko baridi kama ya chura. Mashine ikikuta kidole baridi inadanganya."

Wala sikubuni. Kiongozi mwenyewe alishatuambia kwamba damu isipofika vizuri kidoleni, mwanga hausomi sawasawa. Nikamwambia apashe mikono motoni. Akapasha, kwa utii, kama mtoto. Sikumpima tena.

Kiongozi akapita, akauliza, "Huyu mudogo wako iko sawa?"

"Iko sawa, bosi. Ni mafua tu."

Niliona aibu, basi. Ningemrudishaje chini mtu niliyemwombea kazi mwenyewe? Na dawa ya ugonjwa wa mlimani ilikuwa hiyohiyo, kushuka.

Asubuhi alikuwa anayumba, midomo imebadilika rangi, akikohoa povu lenye damu. Tulimbeba kwa machela, wanaume wanne, kwenye tope na mizizi. Njiani alinishika mkono.

"Kaka, si ulisema ni baridi tu?"

Nilimkaripia aliyekuwa mbele yangu aongeze mwendo.

Tulifika hospitali Kasese siku ya pili mchana. Nesi akambana kidole kilekile. Joto la Kasese mnalijua. Mikono ya mdogo wangu ilikuwa ya moto kabisa. Namba haikufika hata sitini. Walimpa hewa ya mtungi, akafa kabla jua halijazama.

Tulimzika Bwera. Mpaka leo mama anawaambia majirani kwamba mimi nilijitahidi, ila kile kimashine kilinidanganya. Wananipa pole. Sijamwambia mama kwamba kabla ya kumbana mdogo wangu nilijaribu kwanza kidole changu. Tulikuwa tumetoka kuteka maji pamoja kwenye kijito kinachotoka kwenye barafu. Mikono yangu ilikuwa baridi kuliko yake, na kibanio kiliandika themanini na nane.