Karafuu za Mtu wa Kwetu

Devotha alianza kumshuku Mudathir, msagaji wake, kabla hata hajamaliza kumsikiliza Aneth kwenye simu.

"Mama Stela, viungo vyako siku hizi vimelala," Aneth alikuwa akisema. Yeye huuza chai nje ya stesheni ya Soga. "Natia vijiko viwili, wateja wananiuliza kama nimewapa maji ya moto. Baridi hii ya Julai mtu akishuka kwenye treni anataka kitu cha kumkamata koo. Mzigo wa Jumamosi ukiwa hivihivi, usiniletee tena. Kuna mama wa Kisarawe ananibembeleza kila siku."

Zaidi ya nusu ya viungo vya Devotha vilikwenda kwa Aneth. Tangu atoke Muleba kumfuata mumewe Ephraim huku Kibaha, alikuwa ameuza vitumbua akaacha, ameuza mitumba akaacha. Viungo vya chai ndivyo vilivyomfanya ajulikane mtaa mzima wa Tangini. Aneth akimwacha, maneno yangeenea kwamba viungo vyake ni vibovu.

Akaanza kuwapitia watu mmoja mmoja kichwani. Tangawizi alianika mwenyewe juu ya bati. Iliki na mdalasini alinunua sokoni, akanusa kila fungu. Karafuu alileta Leodegar, mtu wa kwao, mwimbaji mwenzake wa kwaya. Huyo alimpita haraka, kama mtu anavyopita mlango wa nyumba yake. Akabaki Mudathir wa mashine.

Mashine ndogo ya Mudathir ilisaga mahindi, karanga, viungo, na makopa ya muhogo. Unga wa makopa ukitiwa kwenye viungo, nani ataujua? Devotha akakumbuka kwamba wiki iliyopita Mudathir alimpa mgongo wakati wa kufunga mfuko. Akakumbuka pia kwamba alikuwa akipiga mluzi. Mtu ukishamshuku, hata chafya yake unaitafutia maana.

"Ungekuwa unga, chai ingeshikana kama uji," Ephraim alisema. "Mbona ni nyepesi?"

"Umeanza lini kuwa wakili wake?"

Alhamisi akaenda mashineni na beseni la viungo, na kikombe cha mchele juu yake. Foleni ilikuwa ndefu.

"Karibu, Mama Stela," Mudathir alisema. "Leo na mchele? Tunasaga pilau?"

Wanawake wakacheka. Devotha hakucheka.

"Saga mchele huu kwanza, usafishe mashine. Mbele yangu."

"Nimeshaisafisha."

"Nimesema mbele yangu."

Mudathir akaumimina mchele mdomoni mwa mashine, ukatoka unga mweupe, akawamwagia kuku. "Haya, mashine imetakata. Na roho tunaisafisha na nini?"

"Roho yangu haina makopa, viungo vyangu ndivyo unavyovitilia. Nyie watu wa huku mnatuona sisi wa kuja hatujui kitu."

Kicheko kikakatika. Jirani yake Margareth, aliyekuwa nyuma na ndoo ya mahindi, akajifanya anatafuta kitu kwenye khanga yake. Mudathir akazima mashine, akamrudishia Devotha beseni lake.

"Katwange nyumbani, dada. Mimi ni mtu wa huku, sikatai. Lakini mwizi siyo mimi."

Devotha aliondoka karibu anafurahi. Angekuwa msafi angekataa kusaga? Akatwanga mwenyewe siku ile na Ijumaa yote, mchi ukamchubua viganja, akachekecha, akachemsha chai ya maziwa. Ephraim akanywa, akaweka kikombe chini. Devotha naye akanywa.

Chai ilikuwa imelala vilevile.

Akakaa kwenye kigoda, akaanza kutafuna viungo vilivyobaki bila kutwangwa, kimoja kimoja. Tangawizi ilimuunguza ulimi. Iliki ilipanda puani. Karafuu akatafuna kama anatafuna njiti. Akaminya nyingine kwa ukucha. Haikutoa hata dalili ya mafuta. Akamimina konzi nzima kwenye bakuli la maji. Karafuu yenye mafuta huzama, au husimama kichwa juu. Hizi zililala chali juu ya maji, zote. Kuna mtu alishazichemsha, akatoa mafuta, akazikausha, akaziuza mara ya pili.

Kipimo kile Devotha alikijua tangu mwaka wake wa kwanza wa biashara, na karafuu za kila muuzaji alizipima mbele ya macho yake. Za Leodegar hakuwahi kuzitia majini. Kupima karafuu za mtu wa kwenu ni kumtukana. Ndivyo tunavyogawana uaminifu sisi tuliokutana hapa kutoka kila pembe ya nchi: wa kwetu anapita bila kukaguliwa, na mgeni, au mwenyeji tuliyemkuta, anapekuliwa mpaka kwenye kucha. Halafu tunashangaa tunaibiwa na nani.

Akampigia Leodegar. Akamweleza alichokiona majini.

"Dada, biashara ngumu. Wengine wanachukua, hakuna aliyelalamika. Tusianikane, sisi ni wamoja."

"Basi usiniletee tena," Devotha alisema, akakata simu.

Jumamosi alfajiri alinunua karafuu nyingine sokoni, zikapita kwenye maji kwanza. Kisha akaenda mashineni foleni ikiwa imejaa, maana tusi alilitoa mbele za watu.

"Juzi nilisema Mudathir ananitilia makopa," alisema. "Nilimsingizia. Aliyeniharibia ni mtu wa kwetu, niliyekuwa najivunia."

Mudathir akamaliza mahindi yaliyokuwa yanasagwa, akafunga mfuko, akapangusa mikono. Ndipo akavuta beseni la Devotha, akachukua karafuu moja, akaing'ata, akamtazama.

"Nitakusagia. Lakini utasimama hapahapa uangalie mwanzo mpaka mwisho, leo na kila siku utakayokuja. Sitaki maneno tena."

"Nitasimama."

Akasimama, vumbi la tangawizi likimchoma macho, watu wakiwatazama wote wawili.

Saa tatu alikuwa Soga. Akamweleza Aneth kila kitu, bila kuficha jina la mtu wala ujinga wake mwenyewe. Aneth akachemsha, akaonja, akaonja tena.

"Hii inakamata," alisema. "Lakini ulinilisha njiti mwezi mzima, Mama Stela. Utakuwa unaleta nusu. Nusu nyingine nimeshamwahidi mama wa Kisarawe."

Devotha alitaka kubembeleza, akaukumbuka ule mwezi mzima. Akampimia nusu, ile nyingine akaifunga vizuri, akaondoka nayo.