Injini ya Kopo na Mafuta ya Taa ya Mama

Mpira ukiungua popote, hata leo, pua inanirudisha Kanazi, nyuma ya nyumba yetu, kaka yangu Deo akiwa amechuchumaa mbele ya kibatari, macho yakimtoka machozi kwa moshi. Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Baba alikuwa ameshaondoka na mgambo, tumebaki na Mama katika kijiji cha ujamaa ambacho nyumba zake zilipangwa mstari mmoja kama wanafunzi kwenye gwaride.

Deo alikuwa na miaka kumi na sita na kimo cha mtu mzima. Lori la jeshi likipita, alikimbia kulitazama mpaka likapotea. Siku moja akasimama wima mbele ya Mama.

"Mama, na mimi nakwenda. Kwa kimo hiki hawatauliza umri."

Mama alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho. "Na ile injini uliyonisimulia? Ile inayokwenda kwa moto wa taa?"

Deo alikuwa ameiona ikichorwa ubaoni shuleni. Ndani ya kopo la maziwa ya unga unaweka kopo dogo jepesi, linaloshikwa na waya ili lipande na kushuka. Mdomo wa kopo kubwa unaufunika kwa mpira, na juu unafunga spoki ya baiskeli na gurudumu la bati. Ukiwasha moto chini na kupoza juu, hewa inatanuka na kusinyaa, gurudumu linazunguka.

"Hiyo ni kazi ya siku moja," Deo akasema.

"Basi imalize, halafu uende."

Ndugu zangu, haikuwa kazi ya siku moja. Mara ya kwanza ule mpira, uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, uliungua ukanuka mpaka jirani akaja kuuliza tunachoma nini. Akakata mwingine. Gurudumu likatikisika, likagoma. Akalizamisha kopo kwenye ndoo, kama mtu anayetafuta pancha, mapovu yakatoka pale waya ulipopita. Akapaziba kwa uzi uliopakwa samli. Likagoma tena.

Kila jioni Mama aliuliza, "Leo imekataa wapi?" Deo akaeleza kwa mikono yote miwili, naye Mama akaitikia kana kwamba anaelewa. Ni yeye aliyesema tyubu ni ngumu mno. Jirani alipochinja mbuzi, Mama akaomba kibofu, kile ambacho watoto tulizoea kukipuliza na kukichezea kama mpira. Deo alicheka, lakini akakikausha, akakikaza mdomoni mwa kopo. Kazi yangu mimi ikawa kulowanisha kitambaa cha kupozea juu, nami nikajiona fundi mkuu.

Mafuta ya taa siku hizo yalikuwa adimu. Kachupa tulikopata kwenye duka la kijiji, Mama alikamimina kote kwenye kibatari cha Deo. Sisi tukala kabla jua halijazama, tukalala na kuku.

"Mama, kwa nini anaunguza mafuta yetu?" nililalamika.

"Nyamaza, mwana wanje," akaniambia kwa Kihaya, yaani mwanangu. "Giza haling'ati."

Alasiri moja gurudumu lilizunguka, likasita, likazunguka tena, kisha likashika mwendo, tuku-tuku-tuku. Deo alipiga ukelele uliowaleta majirani wote. Tukaruka, tukashangilia. Mama akapiga makofi pamoja nasi. Kelele zilipotulia, akauliza taratibu:

"Sasa hiyo, baba, inaweza kuvuta maji?"

Deo akajikuna kichwa. "Hii ni ndogo. Labda nipate kopo kubwa zaidi..."

"Basi litafute."

Haikuvuta maji kamwe. Lakini Baba aliporudi, amekonda, akichechemea mguu mmoja, alimkuta mwanawe uani akigombana na debe. Wako vijana wa rika la Deo waliopanda malori yale, na mama zao walikaa miaka wakiitazama barabara.

Kwa muda mrefu niliamini Mama alipenda mitambo. Ilibidi nizae mwanangu wa kiume, nimwone naye amefika umri ule na kuanza kutazama mbali, ndipo nikakumbuka vizuri ile alasiri. Sisi sote tulikuwa tumeliinamia gurudumu. Mama peke yake hakulitazama hata kidogo. Alikuwa akimtazama Deo.